Mguu wa Kulia wa Mwalimu

Wanafunzi wote walimwita Breki, na jina alilistahili. Gari la shule yake ya udereva lilikuwa na kanyagio la pili la breki upande wa mwalimu, naye alilikanyaga kama mtu anayeua mende. Mwanafunzi hajaliona shimo, gari limeshasimama. Mbuzi yuko mbali anawaza kuvuka, gari limeshasimama. Tangu afungue shule, gari lile halikuwahi kupata mkwaruzo, na mlangoni alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: HATUJAWAHI KUGONGA.

Tatizo lilikuwa mkewe.

Mkewe alikuwa mkunga, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Zahanati mpya ya ng'ambo ya mji ilikuwa imemkubali awe mkuu wa wodi ya wazazi, kwa sharti kwamba awe na leseni, maana mkuu ndiye anayeendesha gari kuwafuata wajawazito majumbani. Mtihani alikuwa ameshafeli mara mbili. Akifeli tena Alhamisi, nafasi inakwenda kwa mwingine. Na kosa lilikuwa lile lile: alifika kwenye mstari wa kusimama, akaupita taratibu kama bibi harusi, mtahini akapiga yowe.

"Mke wangu, mstari mweupe, mpana kama shuka. Huuoni?"

"Nauona."

"Sasa?"

"Sasa sijui! Kwenye gari lako nasimama vizuri. La mtahini lina uchawi."

Jumapili wakaenda kufanya mazoezi kwenye kiwanja cha shule ya msingi, kikiwa kitupu. Aliyewafungulia geti ni dada mdogo wa mkewe, mwalimu wa darasa la kwanza pale pale. Akachora mstari kwa chokaa, kisha akajipakia kiti cha nyuma bila kualikwa. Walipozunguka mara mbili akainamisha kichwa katikati ya viti, akachungulia chini.

"Shemeji, breki unakanyaga wewe."

"Namsaidia kidogo."

"Kidogo? Dada hajagusa breki tangu tuingie. Mguu wake uko njiani, wako umeshafika na umeshakaa."

"Wewe kafundishe irabu zako."

"Nafundisha. Na kila mwalimu ana imani yake kuhusu anayemfundisha, hata kama hajawahi kuitamka. Yako iko kwenye mguu wa kulia. Unaamini mwanafunzi ni ajali inayongoja saa yake."

"Uongo?"

"Inawezekana ni kweli. Lakini unafundisha ili iwe nini? Gari lisikwaruzwe, au dada aendeshe siku ambayo wewe hupo?"

Breki akautazama mguu wake wa kulia, ungali juu ya kanyagio. Yeye alifundishwa na dereva mmoja mkali aliyemgonga vidole kwa spana kila alipokosea, na Breki akaapa kwamba mwanafunzi wake yeye hataonja maumivu. Breki ile ilikuwa huruma yake. Hakuwahi kufikiri kwamba huruma nayo inaweza kumlemaza mtu.

"Yaani miaka hii yote," mkewe akasema, "umekuwa ukinidanganya kwa mguu?"

Shemeji mtu akacheka hadi akapiga kiti. Breki, kwa hasira, akavua viatu, akakunja miguu juu ya kiti kama mtu aliye mkekani. "Haya. Endesha."

Akaendesha. Gia ya kwanza, ya pili. Mstari ukaja, ukapita chini yao, na gari likaingia kwenye ua wa michongoma kwa heshima zote. Taa ya mbele ikasema ka!

Injini ikazima.

"Nilingoja," mkewe akasema taratibu. "Nilifika pale nikangoja lisimame."

Breki akashuka na soksi zake, akaitazama ile taa iliyopasuka. Matusi yakamjaa mdomoni. Kisha akamtazama mkewe. Mikono iliyopokea nusu ya watoto wa mji ule ilikuwa imeng'ang'ania usukani.

"Dada," mdogo mtu akauliza, "mzazi akiogopa, huwa unamzalia?"

"Nani anaweza kumzalia mtu?"

Breki akayameza matusi yake. "Rudi nyuma," akasema. "Njoo tena."

Akatembea hadi mbele ya mstari, akasimama wima, mikono kiunoni. Mkewe akatoa kichwa dirishani.

"Toka hapo!"

"Sitoki. Ukiniona utasimama."

"Ndiyo maana nataka utoke! Nisimame kwa ajili ya mstari, si kwa ajili yako. Sasa umekuwa breki yenye suruali!"

Lilimuuma, kwa sababu lilikuwa kweli. Akaenda pembeni kabisa, na kwa vile alijijua kwamba atapiga kelele, akawapa mgongo. Akasikia injini ikija. Akauma meno. Akasikia matairi yakisaga kokoto, kisha injini ikazima. Hakugeuka. Hakumbuki kama kuna siku alifanya kazi ngumu kuliko ile.

"Pua imepita mstari kidogo," akasikia mkewe akijiambia mwenyewe. "Nimechelewa. Narudia."

Wala hakuna aliyemwambia arudie. Akarudia, akazimisha injini, akajitukana, akarudia tena. Jua lilipokuwa linashuka shemeji mtu alikuwa amesinzia kiti cha nyuma, na gari lilikuwa linasimama kwenye chokaa kama limepigwa msumari.

Alhamisi Breki alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mitihani, amekaa juu ya mikono yake. Mkewe akatoka anatembea polepole makusudi, ili amtese. Alipomkaribia akashindwa kujizuia, meno yote nje.

"Nimepita! Mtahini kauliza nani kanifundisha kusimama vile."

"Ukamwambiaje?"

"Mume wangu, nikamwambia. Ila kaanza Jumapili."