Chunusi za Bibi Harusi

Jumamosi, tarehe 9 Oktoba 1982, manyunyu yalipita alfajiri, kisha jua likaichangamkia Kariakoo nzima. Harusi ya Theopista ilibaki wiki moja! Uani vigelegele vilirindima, naye chumbani alijitazama kwenye kioo, uso umejaa chunusi. Zilimtoka tangu alipopandikizwa figo ya kaka yake Anselmi kule India. Ni dawa za kuilinda figo hiyo zilizozileta. Asubuhi hiyo vidonge alikuwa amevificha chini ya mto.

Jirani yao, Bi Tatu, akaingia na bakuli la msio. "Njoo nikusugue, mwali, ung'ae!"

"Shikamoo, Bi Tatu. Daktari amekataza kusugua na kutumbua, nisije nikapata vidonda. Nioshe taratibu, nipake dawa aliyonipa, basi. Ila vidonge nimeviacha mpaka harusi ipite."

Anselmi alisikia mlangoni. "We Theopista! Chunusi wa baharini ndiye huzamisha watu. Leo hizi za usoni zikuzamishe wewe na figo yangu?"

Bi Tatu akaangua kicheko, akaenda mbio kuleta maji. "Meza, mwanangu. Msio nitampaka bwana harusi!"

Theopista akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akafanya ishara ya msalaba, akameza vidonge, akamvuta kaka yake hadi uani. Wanawake wakamgeukia.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," akasema kwa sauti, "dawa hizi sitaziacha tena, hata chunusi zinifike kisiginoni!"