Makaimu wa Ghorofa ya Tatu

Verlyn Cudjoe hakuwa na ugomvi na Indrani Ramoutar mpaka Indrani alipohamia chumba chenye dirisha. Karani mkuu alikuwa amestaafu, na bosi, bila kumuuliza mtu, akamweka Indrani akaimu. Indrani! Binti wa juzijuzi, ambaye Verlyn mwenyewe, karani mwandamizi, ndiye aliyemfundisha kupokea maombi ya hati za ardhi. Leo Verlyn akitaka likizo, ruhusa aombe kwake.

Roho ilimuuma, ikamuuma kweli. Chakula hakipiti. Akisikia viatu vya Indrani koridoni, anabamiza droo.

"Dada, utapasuka bure," Bwana Lezama, karani mkongwe wa meza ya karibu na choo, alimwambia huku akimenya chungwa. "Mwache mtoto ajaribu."

"Ajaribu kwenye zamu yangu? Kanuni za utumishi zinasema anakaimu aliyetangulia kazini. Nani katangulia, mimi au yeye?"

"Wewe umemtangulia."

"Basi kula chungwa lako."

Akapeleka malalamiko Tume ya Utumishi. Akawa anasubiri majibu huku moyoni anachagua mapazia ya lile dirisha.

Tume ikamtuma ofisa, Bi Marchan, mama asiyecheka. Akawaita wote watatu, Lezama naye, chumbani kwa Indrani.

"Malalamiko ni ya haki," akasema. "Binti Ramoutar amewaruka wenzake. Anarudi mezani kwake."

Verlyn nusura apige kigelegele. Akamgeukia Indrani amwone anavyonywea.

"Na wewe, Bi Cudjoe. Kwenye ukarani mwandamizi ulithibitishwa lini?"

"Mimi? Mimi nipo hapo miaka na miaka!"

"Upo kwa kukaimu. Na siku ulipowekwa, zamu ilikuwa ya nani?"

Verlyn alikuwa amesahau kabisa. Pale jijini Port of Spain watu hukaimu mpaka wakasahau kwamba kiti ni cha kuazima. Akamtazama Lezama. Lezama akatazama viatu vyake.

"Mbona yeye hakulalamika?" sauti ya Verlyn ikamtoka nyembamba.

"Umelalamika wewe, nasi tumekagua ofisi nzima. Bwana Lezama atakaimu ukarani mkuu, maana ndiye aliyewatangulia wote. Nafasi yako itatangazwa, watu wafanye usaili. Kwa sasa wewe ni karani wa kawaida, sawa na huyu binti."

Kabla ya chakula cha mchana Indrani alishabeba kikombe chake na kuketi meza ya pili kutoka kwa Verlyn. Akafungua bakuli la pelau, wali wa kuku na mbaazi, akala kwa kijiko kikubwa kama mtu aliyetoka safari.

"Shangazi Verlyn, Mungu akubariki," akasema, mdomo umejaa. "Kile kiti kilikuwa kinaniua. Bosi huku, wananchi kule, usingizi sina. Karibu pelau."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hujala tangu asubuhi!" Indrani akacheka, cheko la kutoka tumboni, mpaka makarani wa upande wa pili wakacheka naye bila kujua wanachokicheka.

Cheo kilikuwa kimekwenda, na nyongeza ya mshahara imekwenda. Hayo Verlyn aliona atayameza. Lakini lile cheko! Akainamia makaratasi yake asilione, na roho ikamuuma kuliko siku zote za dirisha.