Ukuta wa Simba Jike

Bustani ya wanyama ya mji wetu ilijengwa na Usta Bouraoui, fundi mwashi wa mji mkongwe. Manispaa ilitoa kiwanja na barua ya kibali. Yeye alitafuta mawe, akawashawishi mafundi wenzake wafanye kazi ya kujitolea kila Ijumaa alasiri, na kwa miaka miwili hakujenga nyumba ya mtu. Mimi nilikuwa mchora ramani wa manispaa. Nilichora alichoniambia.

Banda la mwisho lilikuwa la simba jike, aliyeletwa akiwa na mimba. Usta alilijenga kama zilivyo nyumba zetu zote, ambazo mpita njia hamwoni aliyemo ndani. Kati ya nondo za mbele na pango la kulala alisimamisha ukuta wa mawe. Simba aliuzunguka apendapo kutoka.

Siku nne kabla ya ufunguzi wa Jumapili, mkuu wa bustani, Si Laroussi, alikuja kukagua.

"Simba yuko wapi?"

"Lalla amepumzika," alijibu Usta, kwa neno tunalomwitia bibi wa heshima.

"Lalla! Kwani umemwoa?"

Vibarua walicheka. Usta naye alicheka, huku akilainisha chokaa.

"Gavana anakuja na wanawe, Usta. Niwaonyeshe ukuta?"

"Waonyeshe nyani, hao hawana haya. Huyu anakaribia kuzaa. Wewe mama yako alikuzalia sokoni?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Ubomoe," alisema Si Laroussi. "Usipoubomoa wewe, naleta katapila."

Usta alinigeukia. "Mwanangu, wewe umesoma. Mwambie."

Nilikuwa nimesoma. Nilijua kwamba simba aliyezaa huhitaji giza na utulivu. Si Laroussi alinitazama, akasubiri.

"Tunaweza kuurudisha baada ya sherehe, Ami," nilisema.

Usta aliubomoa mwenyewe, kwa sababu katapila lingepasua paa la pango. Aliyapanga mawe kando, moja moja, tayari kwa Jumatatu.

Simba alizaa Jumamosi, watoto watatu. Jumapili watu walijaa kwenye nondo, na ngoma zao na mbegu zao za kutafuna. Tangu asubuhi mama aliwabeba watoto mdomoni, kona hadi kona, akitafuta mahali pasipo na macho. Hapakuwapo. Kabla ya adhuhuri alimuua wa kwanza. Hadi alasiri alikuwa amewamaliza. Wana wa gavana walikuwa mstari wa mbele.

Jumatatu Si Laroussi alifunga mlango wa ofisi yangu.

"Wizara inauliza kwa nini hakukuwa na ukuta. Chora ramani upya, bila ukuta, ionekane fundi hakuupanga tangu mwanzo. Weka tarehe ya mwaka jana."

"Na Usta je?"

"Usta hajui kusoma."

Kazi hiyo ilinichukua saa moja. Ripoti ilieleza kwamba fundi Bouraoui hakuzingatia mahitaji ya mnyama.

Habari zilimfikia Usta. Alikuja na nguo za kazi, akakaa mbele ya meza yangu.

"Nisomee."

Nilisoma yote.

"Rudia pale penye jina langu."

Nilirudia. Aliinuka, akavaa kofia yake, akatoka bila kuniaga.

Katika makaratasi yote ya bustani ile, jina lake limeandikwa hapo tu.