Kikohozi cha Mzee Yoeli

Sauti ya marehemu Mzee Yoeli ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani: ndani ya simu ya mjane wake, Mabel. Simu ilikuwa imezimwa na kufungwa kwenye pindo la kanga.

Binti yao Grace ndiye aliyeifuata simu hiyo mpaka Chiwata, kijijini kwa mama yake. Yeye akiwa Masasi na mwenzake Nikolao akiwa Newala, walikuwa wakitengeneza programu ya sala ya parokia, ile waumini wanayoiweka kwenye simu. Humo Yoeli alirekodiwa akisoma Zaburi, na kila akitaka kuanza mstari alikohoa kidogo. Grace alipotaka kuvikata vile vikohozi, Mabel alikataa. "Ukivikata, huyo si baba yako."

"Sasa imekuwaje hata sauti zake zikafutika?" Mabel aliuliza, wakiwa njiani kwenda Masasi.

"Kazi zetu, Mama, tunazisukuma kwenye ghala moja la mtandaoni. Kama huna ya mwenzako, ghala linakukatalia: chukua yake kwanza, ndipo ulete yako. Nikolao alikuwa na haraka, akasukuma kwa nguvu. Yake ikaingia, sauti za baba zikatoka."

"Alipiga hodi, hakuitikiwa, akavunja mlango."

"Ndivyo. Na kuna mtambo unaopeleka toleo jipya kwenye simu zote. Wenyewe hauulizi. Ukipewa, unapeleka."

"Na nakala yako wewe?"

"Si ile kompyuta iliungua na umeme? Imebaki simu yako, maana haijaonja bando la intaneti tangu Kwaresima, toleo jipya halijaifikia." Grace alicheka bila raha. "Ubahili wako umemficha baba. Usiiwashe mpaka niwepo."

Kwa Cecil, fundi simu, walikaribishwa benchi. Kompyuta ya kunakilia sauti ilikuwepo, ila waya wa kuunganishia simu ulikuwa mbovu. Grace akaenda sokoni kuutafuta mwingine.

Mabel akabaki na simu kiganjani. Aliomba kimoyomoyo, lakini macho yake yalikuwa kwenye meza ya Cecil, ambako simu za watu zililala matumbo wazi. Mgonjwa akipelekwa kupasuliwa huagwa kwanza. Na bando sina, alijisemea. Huo mtambo utapitia wapi?

Akaiwasha.

Ujumbe uliingia. Aliusoma polepole, kidole kikifuata maneno. *Shikamoo Mama Grace. Ni mimi Nikolao. Nimekukosea, nisamehe. Nimekuwekea bando la wiki, usikilize walau nyimbo.*

"Marahaba, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, na kweli akamsamehe.

Kisha akabonyeza Zaburi. Yoeli akakohoa.

Mstari haukuja. Kwenye kioo kijiduara kilizunguka, kikazunguka, kikaacha maandishi kwamba programu imepokea toleo jipya.

Grace alirudi na waya mkononi, akaona kioo kinang'aa.

"Mama. Umeiwasha."

"Nilitaka kumuaga."

Grace aliichukua, akazitafuta Zaburi chini, akatafuta juu, akarudi tena chini. Halafu akairudisha simu mkononi mwa mama yake, akaanza kuuviringisha waya vidoleni. Cecil aliinamia kazi yake.

Simu ya Grace ikaita. Alitazama jina. "Ni Nikolao. Anataka kujua kama tumeziokoa. Nimwambie nini?"

Mabel alikuwa anaifunga simu yake kwenye pindo la kanga, fundo lilelile la asubuhi.

"Mwambie bando limefika."