Miaka Aliyojiongezea Shuriye

Shuriye alipolazwa kaburini, ndugu yake Abdinur alisimama akauliza, kama tunavyouliza siku zote, nani anamdai marehemu. Wauza mbuzi wawili wakasamehe palepale. Kisha Abdinur akatangaza kwamba deni la benki, lile la lori la kwenda Merti, watu wasijisumbue nalo, bima italilipa. Waliokuwa tayari kuchanga wakarudisha pesa mifukoni. Mimi, mjane wake, nililetewa habari hiyo nyumbani Bulla Pesa, nikamshukuru Mungu.

Bima yenyewe hatukuiomba. Shuriye alitaka mkopo tu. Murithi, karani wa benki, ndiye aliyemwambia hakuna mkopo bila bima, na kwamba akifa, deni litakufa naye. Mume wangu aliogopa kufa na deni kuliko alivyoogopa njaa. Akakubali, akawa anakatwa pesa kila mwezi, mpaka ini lilipomwangusha mwaka 1983.

Nilipotoka eda nikaenda kudai. Nikaambiwa bima ile haimhusu mtu aliyepita miaka sitini, na kipande cha Shuriye, kitambulisho chake, kinasema alizaliwa mwaka 1919. Yaani siku anauziwa, alikuwa tayari ameshapitiliza. Murithi alikishika kipande hicho, akanakili mwaka huo kwa mkono wake mwenyewe, na bado akachukua pesa. Hata haya hakuona.

Kipande nacho kilikuwa na uongo wake. Wakati wa vita vya shifta, askari walimshuku kila kijana Msomali kuwa mwasi. Siku ya kuandikishwa, Shuriye alipaka ndevu hina kama wazee, akaazima fimbo, akajiongezea miaka kumi na mmoja. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwezi uleule vijana wawili wa mtaa wetu walichukuliwa na hawakurudi, na mimi sikucheka tena.

Benki haikungoja. Tuliuza lori tukalipa, kikabaki kiasi kidogo ambacho sikuwa nacho. Kama wangerudisha pesa walizomkata za bima, zingekimaliza. Bila hizo mume wangu amelala na deni shingoni, na mimi usingizi siujui. Nikawa mtu wa benki asubuhi na jioni, Murithi akinikwepa kwa mlango wa nyuma. Mwishowe meneja mwenyewe, Mungania, alichoka kuniona pale kwenye benchi, akaniita pamoja na Abdinur.

Njiani Abdinur alinishikilia tuseme ukweli, kwamba marehemu alikuwa na miaka hamsini na kidogo, ili bima ilipe deni lote na pesa ya lori turudishiwe. Nilimwambia tukisema kipande ni cha uongo, watasema Shuriye ndiye aliyewadanganya, na hata alichokatwa kitaliwa.

Mungania alikuwa mpole, nakiri. Alisema Murithi alikosa, bima ile haikufaa kuuzwa kwa mtu wa umri ule, na pesa zitarudi. Karatasi ilikuwa tayari mezani.

"Lakini mama, lazima unihakikishie," akasema. "Mzee alikuwa amepita sitini kweli?"

"Kipande inasema hivyo."

"Siulizi kipande, nauliza wewe. Wewe ndio uliishi na yeye."

Nilimtazama Abdinur, akainamisha kichwa. Nikamwona Shuriye juu ya lori, wiki chache kabla hajaugua, akivuta kamba za turubai peke yake huku akiwatania vijana waliokuwa chini. Tulikuwa tumepanga mengi. Alitaka kuwaoza mabinti zetu, halafu twende Hija pamoja.

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa mzee sana."

Nikatia kidole kwenye karatasi. Pesa zilihesabiwa dirishani, na palepale zikarudi kulipa deni, sikuzigusa. Abdinur akasema alhamdulillahi, ndugu yake sasa yuko huru, akanishukuru kwa heshima kubwa.

Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za benki, nikalia vile sikulia hata siku ya maziko. Siku ile kila aliyenishika mkono alisema Shuriye ameondoka mapema mno. Sasa mimi mkewe, kwa mdomo wangu, nilikuwa nimesema ameishi vya kutosha.