Nusu Saa Iliyonyeshewa

TANGAZO KUU
Chama cha Historia kinawatangazia walimwengu wote Mdahalo wa Ukiranja Mkuu, kwa utaratibu wa Kimarekani wa mwaka 1858. Kila mlimwengu aje na kiti chake kutoka bwaloni.
— Katibu

1.
Illinois, 1858. Wagombea wawili wa useneti. Wa kwanza, saa nzima. Wa pili, saa moja na nusu. Wa kwanza tena, nusu saa ya kufunga. Umati unapiga kelele utakavyo. Kesho yake gazeti la kila chama linamnukuu mtu wake akitiririka kama maji, na mpinzani akigugumiza.

Usisahau hiyo *kesho yake*.

2.
Jumamosi, mgombea wa kwanza, Nyamizi, alifungua. Sera yake moja: sukari kwenye uji.
"Kaa chini, mama uji!"
"Mpige tena, dada!"
Mpinzani wake, Mrisho, akajibu saa moja na nusu. Nyamizi akainuka kufunga, akafumbua kinywa, na

Mvua.

Watu wakakimbia, viti vichwani.

3.
Jumapili, ukutani, magazeti mawili.
SAUTI YA MRISHO: "Akifunga, Nyamizi aligugumiza kwamba matroni anaiba sukari."
NGAO YA NYAMIZI: "Akifunga, Nyamizi alifichua kishujaa kwamba matroni anaiba sukari."

4.
ILANI. Jina la Nyamizi litaondolewa kwenye kura asipothibitisha kabla ya kengele ya jioni kwamba hakumkashifu matroni. Mwalimu wa zamu hakuhudhuria, amesoma magazeti. Ushahidi wa wanafunzi haukubaliki, kwa kuwa ni wanafunzi.

5.
Nyamizi alimkamata Mrisho bombani.
"Ni wewe!"
"Mimi? Na hiyo Ngao yako je?"
"Si yangu. Nilidhani ni ya wapambe."
"Hata mimi Sauti siijui."
Wakatazamana kama paka wawili juu ya samaki mmoja.
"Nilifunga lini mimi?" Nyamizi akauliza polepole. "Shule nzima ililowa. Aliyeandika haya hakujua kama mvua ilinyesha."
"Nani hakulowa?"
"Nani alilala zahanati, eti tumbo?"

Katibu.

6.
Haya. Ni mimi. Tangazo, Sauti, Ngao, na haya unayoyasoma. Magazeti niliyaandika Ijumaa, yote mawili, na mvua ikanikuta nimelala fofofo. Ya wizi wa sukari niliyatunga, ili yanoge.

Nyamizi amesimama mlangoni.
"Vaa viatu, ndugu katibu. Twende kwa matroni. Unafungua wewe, saa nzima."
"Halafu?"
"Yeye anajibu. Saa moja na nusu."

Kengele bado. Inabaki nusu saa yangu ya kufunga. Natazama mawingu, natazama tena, labda