Karatasi Isiyo na Kichwa

Kahaso alikuwa amekwisha kutia saini karatasi ya kwanza. Alipoifunua ya pili, akaona haina kichwa. Ilikuwa na mistari mitupu ya jina, nambari ya kitambulisho na saini. Akaiweka kalamu chini.

Watu wapatao arobaini walikuwa wamejaa kanisani pale Adu kusikiliza shirika lililotoka Malindi. Lilikuja kufunza vijana ushonaji na uchomeleaji, na kuwafunza wazazi haki zao mbele ya serikali. Kache, bintiye Kahaso, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Mafunzo yangeanza Jumatatu.

"Hii ya pili ni ya nini?" akamwuliza Dedan, afisa wa shirika, mtu wa bara mwenye maneno ya upole.

"Ni mahudhurio tu, mama."

"Mahudhurio si nimetia kwa hii ya kwanza?"

"Hiyo ni nakala ya ofisi."

"Nakala gani isiyofanana na mwenzake?"

Watu wakaguna. Jefwa, jirani yake, akapaza sauti: "Kahaso, usituharibie! Watoto wanataka ufundi."

Kahaso aliitazama tena ile karatasi. Miaka sita nyuma, marehemu mumewe alitia saini karatasi kama ile katika mkutano wa kuchimbiwa kisima. Kisima hakikuonekana hadi leo. Iliyoonekana ni karatasi, imevishwa kichwa kipya: wananchi wameridhia malisho yao apewe mwekezaji. Mumewe aliapa hakuridhia, akaonyeshwa saini yake.

"Andika hapo juu ni ya nini," akasema. "Utie na tarehe."

"Sina ruhusa, mama."

"Na asubuhi umetufunza nini? Si umesema mtu asitie saini asilolielewa?"

Dedan akainamisha macho. Mama mmoja akainuka, akaiomba karatasi yake ya pili aliyokwisha kuijaza, akalifuta jina lake. Wa pili akafuata, na wa tatu. Dedan akatoka nje kupiga simu. Kahaso alimwona dirishani, anasikiliza zaidi kuliko anavyosema. Aliporudi alizikusanya karatasi zote za pili.

"Ofisi itawajulisha," akasema.

Jumatatu ikaja, fundi hakuja. Jefwa akaacha kumwamkia. Kache naye alikula bila neno, na hilo ndilo lililomchoma Kahaso zaidi. Akaanza kujishuku: huenda ilikuwa nakala kweli.

Wiki ya tatu Dedan akafika peke yake kwa bodaboda, hana fulana ya shirika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Sikutumwa. Niliwauliza wakubwa ile karatasi ni ya nini. Wakaniambia si kazi yangu. Nilipouliza tena, wakaniachisha kazi. Kuna kituo kingine cha ufundi huko Ganda, karibu na Malindi, ni cha watu wengine. Wanapokea wasichana."

Kahaso alimkagua uso kwa muda mrefu. Hakuona uongo, lakini hata ile siku ya kanisani hakuwa ameuona.

Alitangulia yeye Ganda. Akavihesabu vyerehani, akawauliza wasichana majina ya walimu wao, akasoma kila fomu mpaka mkuu wa kituo akachoka kungoja. Ndipo akampeleka Kache, akamwacha kwa shangaziye aliyeishi huko.

Sasa Kache anashona sare za shule. Kila Ijumaa mamake humpigia simu kumwuliza ametia saini nini wiki hiyo. Kache hucheka kwanza, kisha humtajia moja baada ya nyingine.